Michezo ya Utotoni: Msingi wa Mwanariadha Hodari

Na Mwandishi Wetu

Mwanariadha hodari haanzi kuandaliwa siku anapovaa viatu vya mbio kwa mara ya kwanza. Msingi wake hujengwa miaka mingi kabla, katika uwanja wa shule, njia ya kwenda mtoni na kiwanja cha mtaani, pale anapocheza kwa kupenda kwake na si kwa kufuata ratiba ya kocha. Makala haya yanaeleza namna michezo hiyo inavyomjenga, na sababu za kutomfunga mtoto mapema katika mchezo mmoja.

Michezo na mwili wa mtoto

Riadha ina mbio, miruko na mitupo, na yote hayo yamo katika michezo ya watoto. Rede humfundisha mtoto kukwepa, kugeuka ghafla na kulenga. Kuruka kamba huimarisha mifupa na vifundo vya miguu, na humzoeza kugusa ardhi kwa muda mfupi na kuinuka tena, jambo ambalo mrukaji na mkimbiaji wa mbio fupi hulihitaji. Kombolela hudai kasi ya kuchomoka. Kukimbiza tairi hujenga pumzi bila mtoto kuhisi kuwa yumo mazoezini.

Mifano ya mabingwa

Usain Bolt wa Jamaika, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alikulia katika kriketi na soka. Kocha wake wa kriketi shuleni ndiye aliyeona kasi yake na kumshauri ajaribu mbio. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikimbia takribani kilomita 10 kwenda shule na nyingine 10 kurudi, na mkono wake wa kushoto ulibaki na mkao wa mtu aliyebeba madaftari hata alipokuwa bingwa wa Olimpiki. Julius Yego wa Kenya, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2015 kwa mita 92.72, alianza kwa kushindana na kaka yake kurusha fimbo.

Utafiti unavyoeleza

Mwaka 2021, Arne Güllich na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi uliohusisha wanamichezo 6,096 wa michezo mbalimbali, wakiwamo 772 wa kiwango cha juu duniani. Ilibainika kuwa wanamichezo wa kiwango cha dunia, wakilinganishwa na walioishia kiwango cha taifa, walishiriki michezo mingi zaidi utotoni, walichelewa kuanza mchezo wao mkuu, na mwanzoni waliendelea polepole. Kwa waliong'ara wakiwa bado vijana wadogo, hali ilikuwa kinyume chake: walianza mapema na kujikita katika mchezo mmoja.

Kwa hiyo, njia inayoleta medali za haraka utotoni si lazima iwe ndiyo inayomfikisha mtu kileleni.

Hatari ya kuharakisha

Mifupa ya mtoto bado inakua, na kurudia zoezi lilelile kila siku huweza kuumiza sehemu za ukuaji. Aidha, watoto wa umri mmoja hawakui kwa kasi moja. Mwenye miaka 12 aliyetangulia kubalehe huwashinda wenzake kwa nguvu, si lazima kwa kipaji. Mchujo ukizingatia ushindi wa siku hiyo pekee, mtoto mdogo wa umbo mwenye kipaji kikubwa huweza kurudishwa nyumbani na asionekane tena.

Wajibu wa walimu na wazazi

Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA huwapa watoto nafasi ya kuonekana. Manufaa yake huongezeka iwapo mwalimu atamruhusu mtoto kujaribu mbio, miruko na mitupo pamoja na michezo ya mpira, na kumfuatilia hata yule aliyeshindwa mwaka huu.

Wazazi nao wanakumbushwa kuwa muda wa kucheza si muda uliopotea. Kwa upande wao, kamati za shule zina wajibu wa kulinda viwanja, kwa kuwa kiwanja kikishajengwa nyumba au maduka hurejeshwa kwa shida. Taifa lililomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, litapata warithi wake kwanza miongoni mwa watoto wenye mahali pa kukimbia.