Mawingu ya Alasiri, Radi za Usiku

Wahenga walituachia msemo usiochakaa: dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anajua kwamba msemo huu una mtihani wake. Jua linapokuchwa, mara nyingi ziwa huwa shwari na anga juu yake haina wingu. Wavuvi wa dagaa huteremsha mitumbwi pamoja na taa zao, zamani karabai na siku hizi hata taa za umeme wa jua, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga katika usiku wa giza. Kisha, usiku wa manane au karibu na alfajiri, radi hupasuka, upepo hugeuka, na wako wasiorudi. Je, mawingu yaliyokuwa dalili yalikuwa wapi?

Yafaa kwanza tueleze tabia ya ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo hutoka ziwani kuelekea kila ufuko, hewa hupanda juu ya vilima, na alasiri ngurumo husikika huko barani, kama vile katika nyanda za Kericho, mashuhuri kwa mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na ujoto wake, na pepo za nchi kavu huvuma kutoka pande zote zikakutana juu ya ziwa. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu, nazo hubeba unyevu wa ziwa. Kwa kuwa pepo za mashariki husukuma mawingu hayo kuelekea magharibi, Bukoba hupata mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya Musoma.

Katika jamii za ziwani, habari za mbingu zilikuwa jambo la utawala. Ukerewe na Usukuma mtawala aliwajibika kwa mvua. Ilipokataa au ilipozidi, watu walimdai jibu, na wako waliopoteza kiti kwa sababu hiyo. Hatuna haja ya kuirudia imani ile, lakini yafaa tuitafakari: aliyesema habari za mbingu alijibu mbele ya wale wale walionyeshewa.

Utawala wa Kiingereza ulianzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za ndege kutoka London hadi Mwanza, na marubani wakawa miongoni mwa wenye haja kubwa ya habari za tufani. Kazi hiyo iliendelea kufanywa kwa pamoja mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikashika njia yake. Mipaka ikakazwa ardhini, lakini mawingu hayakuitii.

Mwaka 2016 mtaalamu wa Ubelgiji, Wim Thiery, na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha za setilaiti. Walionyesha kwamba mvua iliyonyesha nchi kavu mchana uliotangulia huchochea tufani kali za usiku ziwani. Kukutana kwa pepo, kulikozidishwa na mvua hiyo, walikukadiria kuwa asilimia 74 ya athari yake. Asilimia 26 iliyosalia ni unyevu ulioongezeka hewani. Basi dalili ipo, na huweza kuonekana kabla mtumbwi haujateremshwa. Ila huonekana upande ambao mvuvi ameupa kisogo, na pengine mbali mno, jicho lake lisikofika.

Kuanzia mwaka 2017 Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zilishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani katika mradi wa kuboresha utabiri wa ziwa. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, kujua ni nusu ya kazi. Utabiri usemao tu kwamba kutakuwa na mvua na radi mahali pachache haumtoshi mvuvi. Yeye ataka kujua saa, upande wa ziwa, na ukali wa mawimbi, kwa lugha aielewayo, kabla ya magharibi. Tena tukumbuke kwamba usiku wa kulala nyumbani ni usiku usio na kipato. Akizuiwa mara tatu bure, mara ya nne hatasikia.

Enyi walimu na wanafunzi wa shule za ziwani, hapa pana kazi yenu. Pimeni mvua ya kila alasiri, iandikeni, kisha waulizeni wavuvi usiku ulikuwaje. Msemo wa wahenga ungali kweli: dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tuongeze moja tu: anayeelekea majini na ageuke kwanza, atazame na nyuma yake.