Kabla ya Scofield Kulikuwa na Bwana Msa: Makachero Waliotufikia kwa Kiswahili, na Sizoni 5 za Kuangalia

Meseji ninazopata sana ni za aina moja: "Nipe sizoni kali ya upelelezi, nimeshamaliza zote." Leo nakupa tano. Ila hujamaliza zote, mtu wangu. Wengi wetu tunahesabu upelelezi kuanzia Scofield na Jack Bauer, wakati makachero walikuwepo kwa Kiswahili miaka mingi kabla TV haijafika huku bara. Ukijua walikotoka na walichokuwa wanatafuta, hata cha kuangalia utakichagua kwa jicho lingine. Twende kazi.

Bwana Afya aliyegeuka mwandishi

Tunaanzia Zanzibar. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla hajaingia kwenye magazeti alifanya kazi idara ya afya, akiwa mkaguzi, wale tunaowaita Bwana Afya. Kazi ya Bwana Afya si unaijua? Akifika kwenye nyumba yenye ugonjwa haulizi nani kawaroga. Anauliza maji mnachota wapi, choo kiko wapi, nani aliumwa wa kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 50 huyu bwana aliandika Mzimu wa Watu wa Kale. Hadithi ikashinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, na mwaka 1960 ikatoka kitabu. Kisa chenyewe: mtu ameuawa, maiti yake imekutwa kwenye mzimu, mahali watu wanapopaogopa na kupeleka sadaka. Mtaa mzima una jibu tayari. Mzimu umekasirika, umechukua mtu wake, basi, nani ataupeleka mzimu mahakamani?

Hapo ndipo anaingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Hana bunduki, hana gari la kukimbizana, wala si polisi. Anakaa, anavuta kiko, anauliza. Nani alikuwa wapi? Nani anafaidika na kifo hiki? Nani wa kwanza kusema ni mzimu? Swali hilo la mwisho ndilo tamu. Sitakuharibia mwisho, ila jua tu kwamba Bwana Msa hatafuti jini. Anatafuta mtu.

Wazungu watakwambia huyu ni Sherlock Holmes wa Zanzibar, na kufanana kupo kweli. Sherlock wa Arthur Conan Doyle alianza kusomwa mwaka 1887, naye ana kiko, naye ana rafiki wa karibu, kama Bwana Msa alivyo na Najum. Lakini mazingira si mamoja. Kule London Sherlock anapambana na watu wanaoficha alama. Bwana Msa anapambana na watu wanaojificha nyuma ya imani za majirani zao. Kitabu kilichofuata, Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, hata jina lake limechukuliwa kutoka Giningi, mahali ambapo kwa imani za Wazanzibari ndipo wachawi wanapokutana. Vikafuata vingine miaka ya 70, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Wingo, Gamba na Kiango

Bara nako hatukulala. Mwaka 1965 Faraji Katalambula alitoa Simu ya Kifo, na ndani yake kuna Inspekta Wingo. Huyu sasa ni askari wa kazi, anayelipwa mshahara kuwatafuta wauaji. Kutoka shamba na mzimu tukahamia mjini, kwenye ofisi, magari na simu.

Halafu akaja Willy Gamba, ndugu zangu. Waulize baba zenu. Elvis Musiba alimleta kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi na vingine. Willy Gamba ni jasusi. Anavaa vizuri, anapanda ndege, anapiga watu. Kuna sababu alizaliwa wakati ule. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na mwaka 1974 vita vya kumtoa Mreno Msumbiji na Angola ndiyo vilikuwa vinafika mwisho, huku makaburu bado wakitamba Afrika Kusini. Kwa hiyo adui wa Willy Gamba hakuwa jirani mwenye tamaa ya urithi. Alikuwa wakala wa makaburu. Msomaji wa Bukoba akimaliza kitabu anajiona naye yuko kwenye ukombozi.

Baada yake Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, akatuletea Joram Kiango. Mtobwa alifariki mwaka 2008, lakini nenda kwa wauza vitabu vya mitumba, taja jina la Joram, uone wazee wanavyotabasamu. Halafu kukawa na hadithi za kwenye magazeti ya Global Publishers, Eric Shigongo na "itaendelea" yake. Ile ndiyo ilikuwa sizoni ya mama zetu. Episodi moja kwa wiki, gazeti moja linasomwa na nyumba nne.

TV ilichelewa, kibanda kikawahi

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70. Sisi bara tulisubiri mpaka 1994 ITV ilipoanza, kwa sababu serikali ya Mwalimu iliona TV ni anasa ya wachache. Kabla ya hapo kulikuwa na redio. Watu wazima wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, matapeli wawili waliochekesha nchi nzima. Ona hilo: redioni mwizi ndiye aliyekuwa rafiki yetu.

Kisha zikaja video na vibanda umiza. Benchi za mbao, turubai, joto, na steringi mmoja anayepiga watu arobaini. Nimejiuliza sana kwa nini vibandani tulikula ngumi na risasi tu, upelelezi wa taratibu hatukuuona. Jibu langu ni hili: ngumi haihitaji lugha, ila ushahidi ni maneno. Kachero akimuuliza mtu "jana saa tatu ulikuwa wapi" na mtu akajibu kwa kubabaika, kama Kiingereza hukijui, umeshaachwa. Unaona watu wawili wanaongea dakika kumi, unaanza kupiga miluzi wabadilishe mkanda.

Aliyetuokoa ni mtafsiri. Akina Lufufu na ma-DJ waliomfuata walikaa katikati ya muvi na sisi, wakatupa maneno. Huku kwetu tulipata bahati mara mbili, maana mpaka wa Mutukula uko karibu, na muvi zilizotafsiriwa kwa Kiganda nazo zilivuka zikaeleweka, kwa sababu Kihaya na Kiganda ni ndugu. Mtafsiri hakuwa anatafsiri tu. Alikuwa anakuonya "mwangalie huyu, ana jambo", anatia methali, anamtukana adui. Kwa upelelezi hilo lina utamu na hasara yake. Utamu ni kwamba unaelewa. Hasara ni kwamba mara nyingine DJ anamtaja muuaji kabla kachero hajamjua.

Zama za Scofield

Sisi wa umri wangu tulikulia kwenye DVD za magendo, zile ambazo sizoni nzima imebanwa kwenye sahani moja, na baadaye flashi unayopeleka dukani ujaziwe. Wawili ndio walitawala. 24, iliyoanza 2001, ambapo sizoni moja ni siku moja na kila episodi ni saa moja ya siku hiyo. Na Prison Break, iliyoanza 2005, Michael Scofield anaingia jela kwa makusudi na ramani ya jela amejichora mwilini, ili amtoe kaka yake aliyehukumiwa kifo.

Nazipenda zote mbili, sitazikana leo. Ila tazama tulikofika. Bwana Msa alikuwa anauliza. Jack Bauer anamtesa mtuhumiwa mpaka aseme, kwa sababu saa inakimbia na bomu linalipuka. Na Scofield ndiye anayekimbia, tunamshangilia yeye, na mpelelezi anayemtafuta ndiye adui. Ndani ya miaka 40 na kitu kiti cha mwenye kuuliza maswali kimebaki kitupu.

Kwa nini nalisema hili hapa kwetu

Wapo watakaosema, "Aah, muvi ni muvi, unatuletea falsafa." Haya.

Kanda yetu hii ya Ziwa inajua mauaji ya watu wenye ualbino, hasa kuanzia 2007. Inajua bibi vizee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Na mwaka 2024, kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao wilayani Muleba, akaja kukutwa ameuawa. Watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama, sigusi hapo, na jina la mtoto siliandiki.

Ninachosema ni hiki. Kila mauaji ya namna hiyo yana mganga aliyeahidi utajiri, mnunuzi, mtu aliyeelekeza njia, na majirani waliosikia kitu. Ni mtu, tena mara nyingi mtu tunayemjua. Mzimu haununui kiungo cha mtu. Na bibi anaposingiziwa uchawi, kuna mtu wa kwanza aliyelisema hilo jina, na pengine ana shamba analolitaka. Hilo ni swali la Bwana Msa lilelile, miaka zaidi ya 60 baadaye. Kwa hiyo hadithi ya upelelezi kwetu si burudani tupu. Inakuzoesha kusema "subiri kwanza, ushahidi uko wapi?" kabla hujabeba jiwe.

Sasa orodha, nilikuahidi tano

1. Broadchurch (Uingereza, 2013 hadi 2017). Anza na hii. Mji mdogo pembeni ya maji, kila mtu anamjua mwenzake, mtoto anakutwa amekufa ufukweni. Sizoni tatu, episodi nane kila moja. Wapelelezi ni David Tennant na Olivia Colman. Angalia jinsi mji unavyochagua mtu wa kumlaumu kabla polisi hawajamaliza kazi, na gharama yake. Ukiwa umekulia Bukoba utaielewa bila mtafsiri.

2. Crime and Justice (Kenya, 2021). Sarah Hassan na Alfred Munyua ni makachero Makena na Silas wa Nairobi. Kuna kesi ya kutatuliwa, halafu kuna mahakama. Mitaa unaielewa, rushwa unaielewa. Na inakuonyesha kwamba kumkamata mtu ni nusu ya safari, kesi bado inaweza kuanguka.

3. Columbo (Marekani). Ya zamani, ilianza mwishoni mwa miaka ya 60, lakini usiidharau. Mwanzoni kabisa unaonyeshwa nani kaua. Raha ni kumwona Columbo, koti lake limechakaa, tajiri anamdharau, ameshaaga anatoka, halafu anarudi mlangoni na swali moja dogo. Huyu ndiye ndugu wa damu wa Bwana Msa. Kila kisa kinajitegemea, kwa hiyo hata bando likikata katikati ya wiki hupotezi kitu.

4. Sherlock (Uingereza, 2010 hadi 2017). Episodi chache, 13 tu ukihesabu na ile ya ziada, ila kila moja ni kama muvi nzima, dakika 90 hivi. Kichwa kinakimbia sana, weka maandishi chini ya kioo. Isome na Mzimu wa Watu wa Kale ulinganishe.

5. Luther (Uingereza, 2010 hadi 2019). Idris Elba, mtoto wa wazazi kutoka Sierra Leone na Ghana. Kali, inatisha, watoto wakalale kwanza. Luther ana akili ya Bwana Msa na hasira za Jack Bauer ndani ya koti moja, na utamwona akilipia hizo hasira.

Na ya sita si ya kuangalia, ni ya kusoma. Tafuta Mzimu wa Watu wa Kale au Kisima cha Giningi kwa wauza vitabu au maktaba. Kiswahili chake ni cha Unguja, mwanzoni kitakusumbua kidogo, vumilia kurasa kumi.

Halafu kuna kinachoniuma. Willy Gamba, Joram Kiango na Bwana Msa wapo vitabuni na hadithi zao zimekamilika, na sisi bado tunajaza flashi visa vya London na Los Angeles. Bongo kuna waigizaji, kuna kamera, mpaka Kenya wameshathubutu. Mtayarishaji yeyote anayesoma hapa, kisa cha kwanza kiko tayari: maiti kwenye mzimu, na mzee mmoja mwenye kiko anayekataa kuogopa.

Haya, zamu yako. Ungekuwa wewe, Bwana Msa ungempa muigizaji gani wa Bongo? Na kachero wako wa kwanza kabisa alikuwa nani, wa kitabuni, gazetini au wa kibandani? Niandikie hapo chini, ila ukimtaja muuaji wa Broadchurch nafuta.