Dozi, kipimo au mkupuo?

Ukinunua dawa dukani Kirumba, hapa Mwanza, muuzaji huandika "1x3" juu ya bahasha, kisha anakusisitiza: "Umalize dozi." Hasemi kidonge utakachomeza asubuhi. Anasema bahasha nzima, siku tano au saba, mpaka kisibaki kitu. Ndivyo Kiswahili chetu kilivyolipokea neno dozi, na limetufaa sana, maana dawa iliyokatishwa njiani huweza kuchangia UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Lakini kwa watafiti wa magonjwa ya zinaa, dozi ni kiasi kinachomezwa mara moja tu. Dawakinga ya doksisaiklini, antibiotiki inayomezwa kuzuia magonjwa hayo, ni miligramu 200: vidonge viwili vya 100, ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana bila kondomu. Basi. Mtu wa Igogo, hapahapa Mwanza, akiambiwa hiyo ndiyo dozi, atauliza vingine viko wapi.

Wapo wanaopendelea kipimo. Kamusi inaruhusu, lakini kliniki haikubali. Anayesubiri kwenye benchi akisikia kipimo anawaza damu, mkojo na majibu.

Mimi nachagua mkupuo. Manesi wanalo mdomoni tayari: "Vimeze vyote kwa mkupuo mmoja." Neno linabeba kitendo chenyewe, na halidai siku ya pili. Lingefaa hata Rakai, Uganda, miaka ya 1990, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 wakiwapa watu wazima dawa za magonjwa ya zinaa za kumeza papo hapo.

Kisumu, Kenya, ndiko ninakowazia zaidi. Wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 walishiriki utafiti wa doksisaiklini uliochapishwa mwaka 2023, na kinga haikuonekana. Nywele za baadhi ya waliopewa dawa zilipimwa: dawa ilikutwa katika sampuli 29 kwa kila 100. Vidonge vilifika nyumbani, vingi havikumezwa. Sidai kwamba neno lingewamezesha; mambo ya chumbani yana mizigo mingine. Ila ratiba ya dawakinga hii haifuati saa ya ukutani, inafuata tendo, na maelekezo yaliyozoea "kutwa mara tatu" hayana pa kuiweka.

Kwenye bahasha ningeandika: "Mkupuo mmoja, vidonge 2, kabla siku 3 hazijaisha tangu tendo."