Mizimu ya Njia ya Pembe: Waliopita Mvumi Wakaachwa Bila Majina

Wadau, leo ukipanda SGR pale Dar, saa chache tu uko Dodoma. Sasa rudi nyuma hadi miaka ya 1800. Safari ya kutoka pwani kuja huku ilikuwa ya miguu, wiki kwa wiki, na begani una mzigo wa kilo 30 na zaidi.

Misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo, na Mvumi ilikuwa moja ya vituo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walishuka na pembe, wakapanda na shanga, waya, kaniki na merikani. Hiyo merikani jina lake tu linajieleza, kitambaa kilitoka Marekani. Na pembe nyingi zikaishia huko huko na Ulaya, zikachongwa vibao vya piano na mipira ya biliadi.

Shida ya Ugogo ilikuwa maji. Ukitokea Mpwapwa unakutana na Marenga Mkali, nyika kavu ambayo jina lake ni maji machungu. Ukivuka salama, unakuta visima vina wenyewe. Watemi wa Kigogo walidai hongo, yaani hulipi, hupiti. Hata Stanley alipofika Mvumi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alitoa vitambaa kama wengine.

Sasa hapa ndipo panapouma. Mpagazi akishikwa na ndui au kuhara damu, mara nyingi msafara haukumsubiri. Mzigo ulipata mtu mwingine, yeye akabaki njiani. Kaburi hakuna, fisi ndio waliomaliza.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, akina Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake miezi na miezi, wakapitia Tabora hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 akazikwa London kwa heshima zote. Ila wapagazi wa pembe walipoanguka, nani aliwabeba wao?

Kwa imani za wazee, marehemu hutulia akiwa na kaburi na ndugu wa kumtambikia na kumtaja jina. Aliyeanguka ugenini hakuwa na hata kimoja. Ndiyo maana si ajabu kwamba sehemu nyingi za nchi hii mbuyu mkubwa unaogopwa usiku, na ukiitwa na sauti usiyoijua unaambiwa usiitike.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na baada ya hapo biashara ya kubeba mizigo mabegani ikafifia. Mibuyu haikwenda popote. Huo mti huishi mamia ya miaka, kwa hiyo baadhi ya hii tunayoiona leo ilikuwepo wapagazi walipopumzika kivulini.

Siku ukipita Mvumi, ukaambiwa usikae chini ya mbuyu giza likiingia, usicheke sana. Huenda kuna mtu alilala hapo, na mama yake kule Unyamwezi akasubiri hadi akazeeka.