Tona halisi au mbadala: Hesabu ya mwenye printa Rugerero

Katika sekta ya Rugerero, wilayani Rubavu, jirani na mpaka wa Rwanda na mji wa Goma, printa haijakosa kazi licha ya huduma nyingi za serikali kuhamia mtandaoni. Jukwaa la Irembo, lililoanza mwaka 2015, limepunguza safari za ofisini, lakini cheti kilichoombwa kwa simu bado huweza kuishia dukani kuchapishwa. Shule zinataka mitihani, na wafanyabiashara wanataka nakala za vitambulisho na ankara. Kwa mwenye duka la steshenari anayelipwa kwa ukurasa, tona ni miongoni mwa gharama zinazoamua iwapo siku imeleta faida.

Mara nyingi swali huelezwa kana kwamba rafuni kuna aina mbili tu, halisi na "feki". Kwa kweli ziko nne. Katriji halisi hutoka kwa kampuni iliyotengeneza printa. Mbadala nayo ni mpya, ila imetengenezwa na kiwanda kingine na hubeba jina lake yenyewe. Iliyojazwa upya ni ganda la zamani lililotiwa unga mwingine. Sehemu zilizochakaa huenda zimebadilishwa, au hazikuguswa kabisa. Ya nne ni bandia, iliyovikwa boksi na nembo ya kampuni isiyoitengeneza. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mnunuzi anaweza kulipa karibu bei ya halisi kwa kitu asichokijua. Kuiita kila mbadala "feki" ni kuwaonea wauzaji waaminifu.

Gharama ya ukurasa

Bei ya boksi haitoshi kufanyia uamuzi. Kinachofaa kupimwa ni gharama ya ukurasa unaosomeka. Katriji ya HP 85A, kwa mfano, hutajwa kutoa kurasa 1,600 kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, ambacho kurasa zake za majaribio hufunikwa na wino kwa takriban asilimia 5. Nakala ya kitambulisho yenye picha nyeusi hula zaidi.

Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba halisi inauzwa faranga 64,000, kila ukurasa utagharimu faranga 40. Mbadala ya faranga 16,000 ikifikisha kurasa zote, ukurasa ni faranga 10. Hata ikiishia kurasa 800, na kumi katika kila mia zikatupwa kwa kufifia, gharama bado ni karibu faranga 22, mbali na karatasi zilizoharibika. Kwa kazi ya kila siku, basi, hesabu huielemea mbadala iliyo nzuri.

Hesabu hiyo hugeuka printa inapoumia. Tona ni unga laini wa plastiki na rangi, unaoyeyushwa kwa joto ili ushike kwenye karatasi. Unga usiolingana na joto la mashine hubaki juu juu ukafutika, au huganda kwenye rola ya kuyeyushia. Katika katriji za 85A na 12A, ngoma inayobeba taswira imo ndani ya katriji, hivyo ikikwaruzika huondoka nayo. Printa nyingi za Brother na Kyocera zina ngoma ya pekee inayobaki ndani ya mashine. Hapo tona duni huweza kuharibu kifaa cha bei kubwa, na tahadhari inapaswa kuongezeka.

Chipu na sheria

Baadhi ya printa husoma chipu ya katriji na kuikataa isiyo ya kampuni, wakati mwingine baada tu ya kusasishwa kwa programu yake. Mwezi Desemba 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10, ikisema kuwa wanunuzi hawakuelezwa ipasavyo juu ya vizuizi hivyo. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2017, katika kesi ya Lexmark, kuwa kampuni ikishauza katriji haiwezi kutumia hataza kumzuia mtu kuijaza na kuiuza tena. Hukumu hizo hazimfungi mtu Rubavu, ila chipu zinazozungumziwa huja ndani ya mashine zilezile.

Kwa printa iliyo ndani ya muda wa dhamana, ni busara kusoma masharti kwanza. Kwa hati za kuhifadhiwa miaka mingi, kama vyeti vya shule na mikataba ya ardhi, katriji halisi inastahili bei yake.

Anayechagua mbadala anunue moja kwanza, aijaribu palepale dukani, kisha asugue maandishi kwa kidole gumba na kuukunja ukurasa. Wino ukitoka, aiache. Doa linalojirudia kila baada ya takriban milimita 75 katika printa ndogo za HP huashiria ngoma yenye mkwaruzo. Risiti ya EBM idaiwe hata kwa katriji moja, kwani bila risiti madai ya kurudishiwa fedha ni magumu kuthibitisha.

Unga ukimwagika, ufutwe kwa kitambaa kikavu na mikono ioshwe kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huufanya ugande. Maganda matupu yasichomwe. Rwanda ina kituo cha kuchakata taka za kielektroniki huko Bugesera, kinachoendeshwa na Enviroserve Rwanda.