Kiongozi Alipoutaja Ugonjwa Wake

Jumapili ya tarehe 31 Januari 2021, chama cha ACT-Wazalendo kilitoa taarifa fupi. Mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa amepimwa na kukutwa na virusi vya korona, yeye, mkewe na baadhi ya wasaidizi wake. Alikuwa amelazwa Hospitali ya Mnazi Mmoja.

Leo taarifa ya namna hiyo haimshtui mtu. Siku zile ilishtua. Nchi ilikuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu Mei 2020, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Rais John Magufuli alikuwa amewashukuru waumini kwa maombi yao na kusema Mungu ameuondoa ugonjwa. Siku chache tu kabla ya taarifa ya ACT, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo. Maaskofu Katoliki walikuwa wametoa waraka wa tahadhari, lakini misibani watu waliendelea kufa kwa "nimonia" na "changamoto ya kupumua".

Nami nilisema hivyo hivyo. Majuma yale nilimzika msharika wetu mmoja hapa Unguja, mlinzi wa hoteli huko pwani ya mashariki, aliyekata roho nyumbani kabla gari halijapatikana. Ndugu waliniomba nisitaje neno korona kaburini. Sikulitaja. Nilihubiri ufufuo, nikawaacha watu waliobanana mle ndani ya turubai bila kuwaambia wafungue nafasi.

Wapendwa, sisi Walutheri hatuna kisingizio katika jambo hili. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, mtawala alimwamuru Luther aondoke. Luther alibaki, mkewe Katharina akiwa mjamzito, na nyumba yao ikawa ya kuuguzia. Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni, naye Luther akamjibu kwa barua ndefu. Anayekataa dawa kwa jina la imani, alieleza, hamtumaini Mungu bali anamjaribu. Na ndani ya barua hiyo mna jambo ambalo huwa tunaliruka: kwamba ingefaa serikali za miji zijenge hospitali zenye wahudumu, ili kila nyumba isilazimike kuwa hospitali. Hilo lilimhusu mlinzi wetu kuliko mahubiri yangu yote.

Zanzibar swali hili ni la zamani. Ukipita Mizingani, upande wa bandari, utaliona jengo la roshani za mbao zilizonakshiwa ambalo wengi bado wanaliita zahanati. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, akikusudia hospitali ya maskini. Alifariki 1891, kabla halijakamilika, na baadaye likaja kweli kutoa dawa kwa wasio na kitu. Lakini afya iliyotegemea huruma ya tajiri ilitegemea pia umri wake na mfuko wa warithi wake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitangaza matibabu bure kwa wote, na hospitali kubwa ya mjini ikapewa jina la V.I. Lenin. Ndiyo Mnazi Mmoja ya leo. Jina lilibadilika tena. Foleni sina haja ya kuwasimulia.

Kwa hiyo Maalim alilala kwenye hospitali ya umma, katika mji ambao mwenye uwezo huvuka bahari mapema. Naye mwishowe alivushwa, akapelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Simlaumu, mgonjwa hupelekwa penye msaada. Alifariki huko tarehe 17 Februari 2021, akiwa na miaka 77, siku ile ile aliyofariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Kesho yake alizikwa kwao Mtambwe, Pemba. Siku chache baadaye Rais Magufuli, akiwa kanisani Dar es Salaam, aliwaambia watu kwamba hakuwakataza barakoa. Nadhani misiba ile ilifanya kazi ambayo takwimu hazikuruhusiwa kuifanya.

Tangu wakati huo Unguja na Pemba zimepata hospitali mpya za wilaya, na mwaka 2023 ukaanzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, kwa kuanzia na watumishi wa umma. Mjadala uliobaki ni wa mvuvi, mama wa mwani na mlinzi: watachangiaje, na ahadi ya 1964 inabaki wapi? Wapo wanaosema bure haikuwahi kuwa bure, kwa kuwa dawa ulinunua nje. Ni kweli. Ila mtu asiye na mshahara hakatwi mshahara, na bado anaugua.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa mjane wa yule mlinzi kuomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Baba Mchungaji," akasema, "ungelitaja, gari lingepatikana?"

Nilimwambia hapana. Lakini waliokuwa turubaini wangejua, nikasema. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaniambia kwamba shemeji yake, aliyeosha maiti, naye aliugua juma lile.