Mwazindika ni miviga ama ni burudani tu?

Mwanafunzi mmoja mjini Voi aliniuliza swali hilo majuzi. Kwenye kitabu chake cha fasihi simulizi, miviga ina sura yake, nayo nyimbo na ngoma za kuburudisha zina yake. Alitaka kujua aiweke wapi Mwazindika, asije akapoteza alama.

Mwazindika ni ngoma ya Wadawida wa milima ya Taita. Zamani ilipigwa kumtuliza mtu aliyepandwa na pepo. Majirani walikusanyika, ngoma zikalia, watu wakacheza. Mgonjwa alitibiwa papo hapo katikati ya shangwe. Siku hizi tunaisikia arusini na kwenye sikukuu za kitaifa, wala hatuulizi mwenye pepo yuko wapi.

Je, utakatifu umekwisha? Mircea Eliade, Mromania aliyekuwa mwanahistoria wa dini na mwandishi wa hadithi fupi, alishikilia katika kitabu chake cha 1957 kwamba sikukuu humrudisha mtu kwenye wakati mtakatifu wa mwanzo. Katika hadithi zake, kitu kitakatifu hujificha ndani ya mambo ya kila siku, na wengi hupita bila kukitambua.

Wataita nao wana funzo lao. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika kitabu chake cha 1978, alieleza ibada ya kutasa: mtu hupiga funda la pombe ya miwa, akalipuliza huku akitamka maneno ya heri, ili kuitoa hasira moyoni. Iliaminika kwamba hasira inayofichwa huleta maradhi na mikosi. Kinywaji kile kile cha karamu ndicho kilichobeba dua.

Kiswahili hakikutenga mambo haya pia. Ngoma ni ala, ni uchezaji, ni shughuli nzima. Na ukisema ngoma ya pepo, umetaja tiba.

Basi nilimwambia mwanafunzi wangu aandike kwamba Mwazindika ilianza kama miviga, na burudani ilikuwa ndani yake tangu hapo. Mtahini akitaka neno moja tu, shauri yake. Tukimfunza mtoto kuwa ile ni burudani tu, atajua kuicheza vizuri jukwaani, lakini hatajua kwamba babu zake waliicheza ili mtu apone.